Uainishaji wa Awali wa Wakufunzi wa Kujitolea, kwa Kufuata Milio Yao

Mwaka 1758 Carl Linnaeus, mtaalamu wa viumbe kutoka Sweden, alitoa toleo la kumi la Systema Naturae na kuwagawia wanyama aliowajua majina mawili mawili: la kwanza la jenasi, la pili la spishi. Alimpanga nyangumi, akampanga kunguni, akajipanga na yeye mwenyewe. Mkufunzi wa kujitolea wa karakana ya baiskeli hakumgusa. Hatumlaumu. Alifariki mwaka 1778, na babu wa baiskeli, kile chombo cha mbao cha Karl von Drais ambacho mtu alikisukuma kwa miguu yake chini, kilitokea Ujerumani mwaka 1817. Pengo hilo la kitaaluma limekaa wazi muda wote huo, na makala haya yanajaribu kuliziba kwa kiraka, japo msasa haujapita sawasawa.

Tuweke kwanza mipaka ya uwanja. Karakana ya jamii ni mahali ambapo mtu huja na kitu chake kibovu akakitengeneza kwa mikono yake, kwa vifaa vya wote, akiwa na mtu pembeni wa kumwelekeza. Mwaka 2009 Martine Postma alianzisha mjini Amsterdam mikusanyiko aliyoiita Repair Café, na utaratibu wake umeenea nchi nyingi: mwenye pasi iliyokufa hukaa meza moja na mtu anayejua umeme, wakaifungua pamoja. Kwetu karakana za namna hii hupatikana nyuma ya kanisa, katika stoo ya shule ya msingi, au uani kwa mtu mwenye roho nzuri na mke mvumilivu. Ipo na ya chini ya mwembe, na kwa madhumuni ya uainishaji huu mwembe umehesabiwa kuwa jengo. Nimejifunga kwenye karakana za baiskeli kwa kuwa baiskeli haina siri. Kila kinachozunguka unakiona kinazunguka, na kila kilichokosewa kinapiga kelele.

Neno “kujitolea” nalo lahitaji ukali wa kisayansi. Mkufunzi wa kujitolea ni yule anayefundisha bila mshahara. Nauli si mshahara. Soda si mshahara. Chapati na maharage ya saa nne si mshahara, ingawa yakikosekana Jumamosi mbili mfululizo moyo wa kujitolea hunywea kwa namna ambayo haijapata maelezo mengine. Mtu akianza kulipwa posho ya kikao, huyo amehama jenasi nzima na kuingia katika ile ya washiriki wa semina, ambayo ina waandishi wake.

Kuhusu kigezo cha kuainishia, nimejaribu mavazi nikayaacha: overoli safi ya bluu huvaliwa zaidi na watu wanaokuja kupigwa picha. Nimejaribu vyeti. Tanzania ina VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na mamlaka hiyo ina utaratibu mzuri wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa kwa anachoweza kukifanya na kupewa cheti chake. Utaratibu huo unamsaidia fundi anayetafuta zabuni au ajira. Lakini mtoto aliyesimama mlangoni na pancha hajawahi kumwomba mtu cheti. Humwangalia yule ambaye mikono yake ni myeusi. Nikabaki na mlio. Mkufunzi muda mwingi ameinama, kinachoonekana ni mgongo, na kama ndege wa kichakani hutambuliwa kwa kile anachokisema bila kujua kwamba anakisema.

Asili

Wanatoka wapi? Hakuna anayeomba kazi hii. Tangazo likibandikwa ukutani, wanaojitokeza ni wale wanaotafuta barua ya utambulisho, na wakishaipata hutoweka pamoja na spana namba 10. Zipo nadharia tatu zinazoshindana.

Nadharia ya ufunguo inasema kwamba mwenyekiti wa karakana alisafiri kwenda msibani, akamwachia ufunguo mtu aliyekuwa karibu. Jumamosi iliyofuata mtu huyo alifungua mlango, na anayefungua mlango huulizwa maswali. Nadharia hii ina nguvu kwa sababu inaeleza jambo ambalo nyingine haziwezi kulieleza: kwa nini wakufunzi wengi hukaa nyumba ya pili au ya tatu kutoka karakana, hata wale wasiojua kuziba pancha.

Nadharia ya fagio inadai kwamba mkufunzi ni yule aliyebaki jioni kufagia. Kufagia humfundisha mtu mahali ambapo vitu huangukia, na anayejua gololi zimeviringika chini ya meza ipi tayari ana elimu ambayo wengine wataihitaji.

Ninaegemea nadharia ya jibu. Mtu alikuja na baiskeli yake. Jirani yake pale mezani, akihangaika na nati, akamwuliza, “Kaka, hii inafunguliwa vipi?” Akajibu. Jibu likafanya kazi. Tangu saa hiyo hajagusa tena baiskeli yake mwenyewe, na ndiyo sababu ukitaka kumtambua mkufunzi kwa mbali, tafuta baiskeli yenye breki mbovu kuliko zote zilizoegeshwa nje.

Mkufunzi letehapa

Huyu ndiye aliyezagaa kuliko wote, na pengine ndiye umbo la asili ambalo wengine wote hutokana nalo. Mlio wake ni mfupi na mkono hutangulia sauti: “Lete hapa.” Upande wa pwani husikika pia “Hebu nipishe,” na kwa wazee “Wewe utaharibu.”

Mchukulie kijana anayetaka kufungua kanyagio la kushoto. Mtengenezaji wa baiskeli amemtega pale. Bolti ya kanyagio la kushoto hukazwa kinyume na bolti nyingine, kwa sababu mguu unavyokanyaga na kuzungusha, nguvu inayolizunguka shina la kanyagio hulisokota taratibu kuelekea upande mwingine, na kama lingekazwa kikawaida lingejifungua lenyewe barabarani. Kijana hajui. Anaweka spana namba 15, anavuta kama anavyofungua nati yoyote duniani, na kila anapovuta anakaza. Anatoa jasho. Anapanda juu ya spana. Mkufunzi letehapa ameona yote haya tangu mwanzo na vidole vyake vinawasha. Anavumilia kidogo, kisha mlio unamtoka, spana inahama mkono, kanyagio linafunguka, na kijana anasema asante kwa sauti ya mtu aliyeaibishwa kidogo.

Baiskeli imefaulu. Mwanafunzi atarudia darasa.

Angeambiwa sentensi moja angelifungua mwenyewe: spana ikiwa imesimama wima, ukiivuta kuelekea gurudumu la mbele unakaza, ukiivuta kuelekea la nyuma unafungua, na ni hivyo hivyo pande zote mbili. Sentensi hiyo letehapa anaijua. Hakuisema kwa sababu kuisema huchukua muda mrefu kuliko kufungua, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu kufungua kunapendeza. Wengi wa jenasi hii walivutwa karakana na raha ya kitu kilichokwama kinapoachia. Kumpa mwingine raha hiyo bure, Jumamosi baada ya Jumamosi, ndiko kujitolea kwenyewe, na ni kugumu kuliko kukosa nauli.

Spishi hii ina nususpishi mbili. Letehapa wa haraka huchukua spana kwa sababu foleni ni ndefu. Letehapa wa huruma huchukua spana kwa sababu anayehangaika ni mama mtu mzima, au mtoto mdogo, au mgeni. Wa pili ana madhara makubwa zaidi, kwani wale anaowahurumia ndio ambao nyumbani hawana mwingine wa kuwafungulia.

Mkufunzi tangumwanzo

“Kabla hatujafika huko…” Ukisikia maneno haya, kaa chini. Mtoto ana pancha na mama yake anamsubiri na mahindi ya kusaga. Tangumwanzo anaanza na Drais na 1817. Anapita kwa John Boyd Dunlop, aliyepata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888. Anaeleza tofauti ya aina za valvu. Tyubu bado imo ndani ya tairi.

Ni mtu mwema na mara nyingi ni mwalimu mstaafu. Kosa lake ni imani kwamba kitu hujifunzwa kwa mpangilio ule ule unaotumika kukitengeneza. Hapa inafaa tumwite shahidi kutoka Afrika Magharibi. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Jean Lave alikaa na mafundi cherehani wa Kivai na Kigola mjini Monrovia, Liberia, akiangalia wanagenzi wao wanavyojifunza. Nguo hutengenezwa kwa kukata kwanza, kisha kushona, kisha kupiga pasi na kutia vifungo. Mwanagenzi alijifunza kinyume chake: alianza na pasi na vifungo, akapanda kwenye kushona, na kukata kitambaa kukaja mwisho. Mwaka 1991 Lave na Etienne Wenger walilitumia jambo hili katika kitabu chao kuhusu watu wanavyojifunza kwa kushiriki kazi tangu pembezoni.

Sababu yake mama yeyote mwenye cherehani ataitaja bila kusoma kitabu. Kifungo kikikaa vibaya unakikata na kukirudia; kitambaa kikikatwa vibaya, pesa ya mteja imekwisha. Tena aliyetia vifungo mwaka mzima ameshika nguo zilizokamilika, ameona mkono unaunganika wapi na bega, na siku anapopewa mkasi tayari anajua anaelekea wapi.

Karakana ya baiskeli ikiachwa yenyewe hufuata njia hiyo hiyo. Mgeni huosha cheni kwa mafuta ya taa. Hupanga nati kwenye makopo. Kisha hupewa pancha, na anapewa sehemu ya mwisho, kubonyeza kiraka, kabla ya kuruhusiwa kuitafuta tundu kwenye beseni la maji. Kunyoosha ringi kwa kukaza na kulegeza spoki huja mwisho kabisa, kwa sababu hapo kosa dogo huzaa ringi yenye umbo la yai. Hakuna aliyeuandika mtaala huu. Tangumwanzo akija anaupindua kwa nia njema, na Jumamosi hiyo baiskeli hazitoki.

Mkufunzi enzizetu

Mlio: “Hizi za siku hizi si chuma.” Aliendesha Raleigh, ya ile kampuni ya Nottingham, na kwa maelezo yake fremu yake ilibeba magunia mawili ya mahindi, mke na mtungi wa maji. Hana madhara. Huonekana zaidi karibu na kiti cha plastiki.

Mkufunzi tumeelewana

Huyu anastahili uchunguzi wa kina, kwa kuwa amejificha ndani ya mafanikio. Anaeleza vizuri, kwa mfuatano, kwa sauti inayofika nyuma. Mwishoni anauliza, “Tumeelewana?” na karakana yote inaitikia, “Ndiyooo.”

Ndiyo hiyo si jibu. Ilifunzwa darasa la kwanza, mbele ya ubao, na imedumu mwilini kuliko jedwali la kuzidisha. Nimeweza kutenganisha aina kadhaa: ndiyo ya heshima, ambayo huwaendea wakufunzi wenye mvi, ndiyo ya njaa, inayosikika zaidi kuelekea saa saba, na ndiyo ya kundi, ambapo kila mmoja anaamini kuwa mwenzake ndiye aliyeelewa na atamwuliza baadaye. Ndiyo ya kuelewa ipo pia, lakini haina irabu ndefu.

Tumeelewana ameeleza, kwa mfano, kwamba ekseli ya nyuma ya baiskeli nyingi za kawaida hubeba gololi 9 kila upande, na kwamba ukishazipanga utaona nafasi kama inayotaka ya kumi, usiijaze. Ndiyooo. Nusu saa baadaye kijana amejaza ya kumi. Ameiona nafasi, na macho yake yamemshauri kinyume cha masikio. Gurudumu linasaga kama kinu. Tumeelewana anasikitika sana: “Lakini si nilisema?” Alisema kweli.

Taifa hili limewahi kulitafakari tatizo hili kwa kipimo kikubwa. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walijikusanya katika vikundi wakisikiliza matangazo, wakasoma vijitabu, wakajadili malaria na kichocho, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Viongozi wa vikundi hivyo, zaidi ya 70,000, waliandaliwa kwa semina fupi. Walichosisitiziwa ni kwamba wao si walimu: kazi yao ilikuwa kuuliza, kuwaacha wanakikundi wazungumze, na kuhakikisha mjadala unaishia kwenye kitu cha kufanya. Choo kilichochimbwa hakiwezi kuitikia ndiyooo. Ama kipo, ama hakipo. Tumeelewana angeponywa kwa neno moja la kubadilisha: badala ya “Tumeelewana?” angesema “Nioneshe.” Wachache wamejaribu. Wanasema ukimya unaofuata unatisha.

Mkufunzi mh

Ni adimu, na karakana inayempata haijui imepata nini mpaka ahamie mkoa mwingine. Mlio wake ni “mh,” wenye toni tatu: mh ya kushuka, maana yake endelea, mh ya kupanda, maana yake hapo simama uangalie tena, na mh fupi ya puani, ambayo hutolewa tu wakati kidole cha mwanafunzi kiko kati ya cheni na meno ya gia.

Alama yake ya mwili ni mikono nyuma ya mgongo. Wengine wa spishi hii huishika mikono yao kwa nguvu, ya kulia ikiikamata ya kushoto, na ukiangalia karibu utaona nao vidole vinawasha. Amezaliwa letehapa kama wengine. Tofauti ni mahali alipoipeleka ile kiu.

Mtazame wakati wa kunyoosha ringi. Msichana amegeuza baiskeli juu chini, anazungusha gurudumu, na ringi inayumba kuelekea kushoto. Mh ya kushuka. Anashika spoki inayotoka upande wa kushoto wa kitovu, anataka kuikaza. Mh ya kupanda. Anasimama, anafikiri, anahamia spoki ya kulia, anakaza robo mzunguko, anazungusha tena. Mh ya kushuka. Kisha mkufunzi, kwa mara ya kwanza, anafanya kitu: anazipiga spoki mbili kwa ukucha, moja baada ya nyingine. Moja inalia juu, nyingine chini. Hasemi neno. Msichana anazipiga naye, na kuanzia hapo anatumia masikio.

Mwanafalsafa Michael Polanyi, Mhungaria aliyekuwa mkemia kabla ya kuhamia falsafa, aliandika mwaka 1958 kuhusu elimu ambayo mtu anayo lakini hawezi kuieleza yote, na mmoja wa mifano yake ulikuwa baiskeli. Mwendeshaji anayeanza kuangukia kulia huugeuza usukani kulia, na ndivyo anavyobaki wima. Hajui kanuni hiyo, anaitumia tu. Na ukimpa kanuni hiyo mtu asiyejua kuendesha, ataanguka nayo. Tangumwanzo akilisikia jambo hili hukasirika. Mh hutikisa kichwa.

Kipimo cha haraka cha kumtenganisha na spishi nyingine ni muda wa solusheni. Ukishapaka solusheni kwenye tyubu ni lazima usubiri ikauke kidogo kabla ya kubandika kiraka, na dakika hizo chache hakuna cha kufanya. Letehapa hupuliza ili ikauke upesi. Tangumwanzo hupata nafasi ya kumalizia habari za Dunlop. Enzizetu hulinganisha solusheni. Tumeelewana hurudia alichosema. Mh huangalia nje na kumwacha mwanafunzi aiguse kwa kidole mwenyewe, mara ya kwanza mapema mno, mara ya pili mapema kidogo, mpaka aijue ilivyo inapokuwa tayari.

Wasiosajiliwa

Daftari la wakufunzi halina jina la mama ntilie aliye nje ya mlango. Amekaa mbele ya sufuria tangu karakana ilipofunguliwa, na hajawahi kushika spana. Lakini amesikia kila baiskeli iliyotoka pale, nzuri na mbaya. Kijana anapita akiisukuma baiskeli aliyoimaliza, na mama bila kugeuza shingo anasema, “Mwanangu, breki yako inagusa upande mmoja.” Anarudi ndani. Ni kweli inagusa. Kwa kigezo cha mlio huyu ni mkufunzi bila shaka yoyote. Kwa kigezo cha uongozi wa karakana ni mpangaji anayedaiwa.

Hapa uainishaji wangu unaanza kupata taabu, na heri niseme sasa kuliko kusubiri wakosoaji. Nilipanga spishi zisimame kila moja mahali pake, kama kwa Linnaeus. Hazisimami. Mtu yule yule aliyekuwa mh saa tatu asubuhi, mikono nyuma, mtulivu kama imamu, saa saba mchana ni letehapa kamili, anamnyang'anya spana mtoto wa darasa la nne. Kilichobadilika ni foleni iliyofika hadi barabarani, na chai iliyochelewa. Nimemwona pia enzizetu, mtu aliyekwisha kukata tamaa na chuma cha leo, akikaa saa nzima kimya na mjukuu wa jirani na pampu iliyoziba, kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo napendekeza kwamba hizi si spishi bali ni hali, kama joto la mwili, na kwamba anayetaka wakufunzi bora asihangaike na semina ya mbinu za ufundishaji. Aweke benchi nje. Apokee baiskeli chache kwa siku, nyingine azipe miadi ya Jumamosi ijayo. Amlipe mama ntilie deni la chapati ili zifike saa nne badala ya saa sita. Mikono mingi itarudi nyuma ya migongo yenyewe.

Atakayeuendeleza utafiti huu, mathalani kwenye karakana za cherehani, ambako nasikia kuna mlio wa “Fumua!” ambao bado haujaelezwa kikamilifu, azingatie mambo machache ya uwandani. Asiende na daftari mkononi, maana atadhaniwa mkaguzi na wote watageuka tumeelewana kwa siku nzima. Aende na kitu kibovu, tena kibovu kweli. Na mwenyekiti akimwambia ana msiba Morogoro, akaingiza mkono mfukoni, mtafiti aage mara moja.